Mistari Miwili

Telesphor ndiye aliyejitolea kuchomwa kidole wa kwanza, na alifanya hivyo kwa mbwembwe zote.

"Mama zangu, msiogope," aliwaambia wanawake waliojaa kwenye mabenchi ya zahanati ya Sibwesa, wengine wamepakata vichanga, wengine matumbo yao yako mbele. "Mimi naogopa sindano kuliko nyie wote. Nikizimia hapa, mnibebe kwa zamu."

Benchi zima likaangua kicheko. Hata nesi Goreth, ambaye hakuwa mtu wa kucheka kazini, alijifunika mdomo kwa daftari la kliniki. Jeannine aliushika mkono wa mchumba wake, akautuliza juu ya meza. Mkono ule aliufahamu kila sehemu: kiganja kigumu, kovu la bati chini ya kidole gumba, harufu ya sabuni ambayo haikuwahi kushinda harufu ya grisi. Alipomtazama usoni alikuta macho yanamsubiri, yakimwambia yale ambayo hayasemwi mbele ya wazazi.

"Tulia," alimnong'oneza.

"Nitatuliaje na wewe umenishika?"

Alimchoma. Tone la damu likaingia kwenye kijikaratasi, na Jeannine akawageukia akina mama kuwaeleza. Ukitokea mstari wa juu peke yake, mtu hana selimundu. Ukitokea wa chini peke yake, mtoto ni mgonjwa, na akijulikana mapema anaanzishiwa dawa kabla ugonjwa haujamwahi. Ikitokea yote miwili, mtu ni mzima kabisa, analima, anacheza mpira, ila amebeba nusu ya ugonjwa ndani ya damu yake, naye anaweza kumrithisha mwanawe.

Alisema yote hayo kwa sauti ya furaha, maana ilikuwa wiki yake ya furaha. Kipimo kile kilikuwa chake. Miaka miwili nyuma alikuja Mpanda na boksi la dawa za maabara kutoka chuo kikuu, umeme ukakatika, jokofu la hospitali likafa, akaitwa fundi wa majokofu ya chanjo wa mkoa mzima. Fundi mwenyewe alikuwa Telesphor, kijana mrefu wa Kipimbwe aliyelitazama boksi akatikisa kichwa. "Dokta," alisema, "kipimo kinachodai friji hakiwezi kufika Mishamo. Kitafia njiani kama samaki."

Jeannine alizaliwa Mishamo, kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi. Neno lile lilimkaa. Alirudi maabara akahangaika mpaka akapata njia ya kuikausha dawa juu ya karatasi, ikastahimili hata joto la mwezi wa kumi bila barafu. Chuo kikaomba hataza, ile haki inayoutambua uvumbuzi na wenye nao, na jina la Jeannine likawekwa la kwanza kwenye orodha ya wavumbuzi. Lakini kabla ya maombi kupelekwa aliambiwa afunge mdomo, kwa sababu uvumbuzi ukishazungumzwa barabarani hauwezi tena kulindwa. Aliufunga hasa. Miezi ile Telesphor aliamini kabisa kwamba ana mwanaume mwingine. Maombi yalipopokelewa alimpigia yeye kabla ya baba yake mzazi.

"Kumbe ulikuwa na kipimo?" Telesphor alipiga kelele kwenye simu. "Siyo mwanaume?"

"Kipimo tu."

"Basi nakuoa wewe na kipimo chako!"

Na sasa hataza ilikuwa imetoka. Jeannine aliinama juu ya meza kusoma jibu, tabasamu bado liko usoni.

Mstari wa juu ulikuwepo. Na wa chini ulikuwepo.

Alikigeuza kile kijikaratasi kifudifudi, akasema kwa sauti ambayo hakuijua kuwa ni yake, "Majibu ya mtu ni siri yake. Mama, karibu wewe hapo." Kisha akaendelea kupima akina mama mmoja baada ya mwingine mpaka benchi likaisha, na wala hakumtazama Telesphor tena.

* * *

Jeannine alimkuta Telesphor nyuma ya zahanati, ameegemea pikipiki.

"Ni miwili, siyo?" Telesphor alisema. "Niliiona kabla hujageuza."

"Ni miwili."

"Nilitegemea. Agatha aliumwa, mimi ningepona wapi?" Agatha alikuwa mdogo wake, aliyefariki akiwa darasa la tatu, mikono na miguu ikiwa imemvimba kwa maumivu. Telesphor alikuwa akimtaja mara chache sana, na kila akimtaja alitazama chini. "Mimi ni mzima, Jeannine. Mbona umekuwa hivyo?"

Jeannine aliangalia vidole vyake mwenyewe.

Telesphor alisimama wima polepole. "Na wewe?"

"Na mimi."

"Tangu lini unajua?"

"Tangu nikiwa mwanafunzi. Damu ya kwanza kuijaribu ilikuwa yangu."

"Ukanyamaza."

"Nilisema nitakupima. Kila nikija huku nasema safari hii nampima, halafu nakuona unacheka, nasema bado. Niliogopa, Teles. Niliogopa haya haya."

Upepo ulipita ukapeperusha vumbi la uwanjani. Mama mmoja aliyechelewa alipita na mtoto mgongoni, akawasalimia, wakamwitikia wote wawili kwa pamoja kama watu wasio na neno.

"Kila mimba," Jeannine alisema alipopita, "ni bahati nasibu. Mtoto mmoja kati ya wanne huwa mgonjwa. Anaweza kuwa wa kwanza, anaweza asiwepo kabisa, wanaweza kuwa wote. Ulimwona Agatha. Nitakuzaliaje Agatha mwingine?"

"Umetengeneza kitu cha kuokoa watoto," Telesphor alisema, "na kazi ya kwanza inayofanya ni kutuachanisha sisi?"

"Kiwanda kilichopewa leseni kinataka mtu wa kusimamia utengenezaji, Arusha. Nilikuwa nimekataa." Alivua pete, akaiweka juu ya kiti cha pikipiki kwa sababu hakuweza kuiweka mkononi mwa Telesphor. "Nitawaambia nakwenda."

"Jeannine."

"Usiniite hivyo. Ukiniita hivyo sitaondoka."

"Basi nakuita hivyo. Jeannine!"

Lakini alikuwa ameshaanza kutembea kuelekea kwenye gari la mradi, na alipofika alijifungia ndani na kulia, na nesi Goreth akakaa pembeni yake bila kuuliza kitu mpaka Mpanda mjini.

* * *

Simu za Telesphor hakuzipokea. Alizitazama zikiita juu ya kitanda cha nyumba ya wageni, jina lake linawaka na kuzimika, huku akikunja nguo za safari na kuzikunjua tena. Siku mbili kabla ya kuondoka iliita namba nyingine, akapokea.

"Ni mama Telesphor," ilisema sauti nzito. "Jumapili baada ya misa uje nyumbani kwangu Usevya. Nina maneno na wewe."

Mama Rozalia, mzazi huyo wa Telesphor, hakuwahi kumtaka. Mwanzo alisema hatakubali mwanawe aoe Mrundi. Jeannine akamwambia kwa heshima kwamba amezaliwa nchi hii na uraia anao, na mama akajibu kwamba karatasi haibadilishi lafudhi. Alikuja kulegea siku aliposikia redioni wakimtaja binti wa Mishamo aliyevumbua kipimo, majirani wakaja kumpongeza yeye. Na sasa hili.

Alikwenda. Mtu aliyelelewa vizuri haitwi na mama mkwe akakataa, hata kama ukwe wenyewe umekufa.

Nyumba ilikuwa pembeni ya majaruba ya mpunga, na mpunga ulikuwa umeanza kuinamisha vichwa. Telesphor alikuwa uani. Alikuwa amekonda usoni. Walitazamana, na Jeannine akaona kwamba anataka kumkimbilia na hawezi.

"Wewe kaa huko huko nje," mama yake alimwambia mlangoni. "Haya ni yangu na yeye."

Ndani alikuwepo mzee Deogratias, baba yake Telesphor, kwenye kiti chake cha kamba, kimya kama kawaida yake. Alisalimiana naye. Kisha mama Rozalia akaketi mbele yake, magoti yao karibu yagusane.

"Telesphor ameniambia yote. Kwamba yeye anayo na wewe unayo. Ni kweli?"

"Ni kweli, mama."

"Basi nakwambia mimi niliyezaa. Sitaki." Hakuwa na hasira, na hilo lilimuumiza Jeannine zaidi. "Siyo kwa sababu ya Urundi wako. Hayo yaliisha. Wewe hujui mtoto akilia mifupa inavunjika usiku kucha na wewe huna cha kumpa, unamkanda na maji ya moto tu. Hujui. Mimi siwezi kuzika mjukuu kama nilivyozika binti yangu. Siwezi, mwanangu."

"Ndiyo maana nimeondoka, mama," Jeannine alisema. "Nilimrudishia pete. Sikuja kukubishia."

Mama Rozalia alionekana kama mtu aliyejiandaa kusukuma mlango akaukuta uko wazi. Halafu akauliza, kwa sauti ya chini, "Na Agatha aliipata wapi?"

"Mama?"

"Nakuuliza wewe uliyesoma. Mwaka aliofariki mpunga wangu ulizaa kuliko wa watu wote. Wifi zangu wakasema nimemtoa kafara. Walisema hapo, msibani, mbele ya jeneza. Mpaka leo wapo wasiokula kwangu. Mimi nimejiuliza miaka yote hii, labda kweli kuna kitu kwenye tumbo langu. Labda ni mimi."

Jeannine alisahau pete, akasahau Arusha. Alimshika mama yule mikono yote miwili.

"Mama, nisikilize. Mtu mmoja hawezi kumpa mtoto ugonjwa ule. Hawezi kabisa. Mtoto anapokea nusu kwa mama na nusu kwa baba. Hakuna aliyemla Agatha. Wazazi wote wawili walimpa nusu nusu, na hakuna aliyejua, kwa sababu wote walikuwa wazima."

"Wote wawili?"

"Wote wawili. Hata bila kupima, najua."

Kiti cha kamba kililia. Mzee Deogratias alikuwa amesimama. Alikuja mpaka mbele ya Jeannine, akamnyooshea mkono, kidole cha shahada kikiwa kimetangulia.

"Nipime," alisema.

"Baba, hakuna haja. Nimeshasema najua..."

"Wewe unajua. Nataka mke wangu aone."

Kwenye mkoba wa Jeannine vijikaratasi havikukosekana. Alimchoma mzee, kisha akamchoma mama, akaviweka vyote viwili sambamba juu ya meza, juu ya kitambaa cha kufuma. Nje njiwa walikuwa wanalia, na kuku akaingia mpaka katikati ya chumba akatoka mwenyewe.

Mistari ya mama ilijitokeza, wa juu na wa chini. Kisha ya baba, wa juu. Na wa chini, mwembamba kwanza, halafu ukakolea.

Mama Rozalia aliinama mpaka pua yake ikakaribia kugusa meza. Alikitazama kile cha mumewe, akakitazama chake, akakirudia cha mumewe.

"Inafanana," alisema.

"Inafanana," mzee alisema. Kisha akasema jambo ambalo Jeannine alihisi lilikuwa limemkaa kooni kwa miaka mingi. "Dada zangu waliposema yale msibani, nilinyamaza. Mama Telesphor, nilinyamaza kwa sababu na mimi sikujua. Leo nitakwenda kwao. Nitakwenda nacho hiki, wakione kwa macho yao."

Mama Rozalia alivuta ncha ya khanga akajifunika uso, na mabega yake yakaanza kutikisika. Mumewe alibaki amesimama pale hajui aweke wapi mikono, mpaka Jeannine alipomtazama, ndipo akaiweka juu ya bega la mkewe. Jeannine aliinuka atoke awaachie chumba.

"Kaa," mama alisema ndani ya khanga. "Sijamaliza na wewe."

Akakaa.

Mama alipofunua uso, macho yalikuwa mekundu lakini yametulia.

"Niambie sasa. Agatha angepimwa siku aliyozaliwa, kwa hiki chako. Ingekuwaje?"

Jeannine alitaka kusema lile ambalo lingempendeza. Akasema lililo kweli. "Angeumwa, mama. Sitakudanganya. Lakini angepewa dawa za kumkinga tangu mchanga, malaria isimpate ovyo, homa ikipanda apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Siku hizi kuna vidonge vinavyopunguza yale maumivu. Wapo wengi wanakua. Nilisoma na mmoja chuoni, sasa ni mwalimu, ana mtoto wake."

"Ana mtoto?"

"Wa kike."

Mama Rozalia alivitazama tena vile vijikaratasi viwili mezani. "Mimi nilikuwa nimefungwa macho," alisema mwisho. "Nilikuwa napigana na kitu nisichokiona. Nyie mtakuwa mnakiona. Siyo sawasawa."

"Mama, bado ni hatari. Sitaki uje unilaumu siku moja."

"Nimelaumiwa mimi. Unafikiri naweza kumfanyia mwingine?" Akavuta pumzi. "Unampenda mwanangu?"

Jeannine aliitikia kwa kichwa, na machozi yakamdondokea mikononi.

"Basi mpigie baba yako. Sasa hivi, nikiwepo. Na weka sauti kubwa."

Mzee Egide alikuwa shambani kwake Mishamo, akipalilia muhogo. Ilisikika jembe likiwekwa chini. Jeannine alimsalimia kwa Kirundi, kisha akampa simu mama Rozalia, naye akaishika mbali na sikio kama kitu cha moto.

"Mzee, mimi ni mama yake Telesphor wa Usevya. Jumamosi tunataka kuja kwako kwa habari ya posa."

"Mama," mzee Egide alisema taratibu, "binti yangu amewaambia ya damu? Mimi alinieleza juzi, analia."

"Ametuambia. Ametuonyesha kabisa."

"Na bado mnakuja?"

"Tunakuja, na mchele wa shamba letu tunaleta."

Mzee Egide alicheka, kicheko kikavu cha mtu ambaye hakukitegemea. Alisema neno moja, "Nibaze," kisha simu ikakatika.

"Amesemaje?"

"Amesema mje, mama."

* * *

Telesphor alikuwa amekwenda mpaka kwenye tuta la jaruba. Alisikia hatua za Jeannine akageuka haraka, uso umejaa maswali.

"Wamekufukuza?"

"Mama yako anapika. Amesema nisithubutu kuondoka kabla sijala." Alisimama karibu naye, wakitazama mpunga. "Jumamosi wanakwenda Mishamo."

Telesphor alipangusa macho kwa mgongo wa mkono, wala hakujificha.

"Arusha nakwenda," Jeannine alisema. "Si kwa kukukimbia. Vile vipimo vikitengenezwa vibaya vitadanganya watu, lazima niwepo mpaka vitoke vizuri. Ni kama mwaka."

"Arusha kuna mafriji mengi. Nitakuja kuyatazama."

"Teles, nakuuliza kwa dhati. Tukizaa, tukampima, ukaja mstari wa chini peke yake. Utafanya nini?"

Hakufanya mzaha safari hii. Alifikiri, akitazama maji ya jaruba, na Jeannine akampenda zaidi kwa kule kufikiri.

"Nitaogopa," alisema. "Halafu nitawasha pikipiki nikachukue dawa zake. Na kila mwezi nitakwenda kuchukua. Akiumwa nitambeba, akipona nitamfundisha kufungua friji. Sijui zaidi ya hapo."

Jeannine alimpa mkono wa kushoto. Telesphor aliingiza vidole kwenye mfuko wa shati, mahali pete ilipokuwa imekaa wiki nzima, akamvisha. Ilikwama kidogo kwenye fundo la kidole, akaisukuma mpaka ikapita.

"Nyie!" mama Rozalia aliita kutoka jikoni. "Wali unapoa!"

Wakageuka, wakapita juu ya lile tuta jembamba mmoja nyuma ya mwingine, Telesphor akiwa mbele, mkono wake nyuma, umeshika wa Jeannine.